Nilivyomuunganisha Shangazi

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye programu. Wengine wana ng'ombe wa maziwa, wengine wana nyumba za kupangisha Usa River, kaka yangu ana sauti ya besi inayotikisa madirisha ya kanisa. Mimi nina programu ya kompyuta ya kutunzia fedha za nyumbani. Kila shilingi inayoingia na inayotoka naiandika humo, hata ya vocha, hata ya fungu moja la nyanya. Mke wangu anaiita mke mwenzake. Jumamosi asubuhi akiniona nimebeba kikombe cha chai kuelekea chumba kidogo cha kompyuta huniuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Nami, kwa kuwa si mwepesi wa kutambua kwamba nachekwa, hujibu kwamba ameamka salama.

Humo ndani nina hisa pia. Usinifikirie tajiri. Mwenye hisa wa aina yangu hamiliki hata kitasa cha mlango wa kampuni. Mara moja kwa mwaka anatumiwa gawio lake la faida, na kwa sababu ya hilo gawio anaanza kusoma kurasa za biashara za gazeti akiwa amekunja uso. Usharika wetu ulinialika mara mbili kuwafundisha wanandoa vijana namna ya kutunza fedha, na mara zote mbili nilianza kwa kunyoosha kidole juu: "Jambo la kwanza, jua kilicho chako na kisicho chako." Waliandika. Wenye madaftari hayo nawaomba wauchane ukurasa wa kwanza.

Kisa chenyewe kilianza kompyuta yangu ya zamani ilipovunjika bawaba. Kioo kilikuwa hakisimami mpaka kiegemezwe kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilivumilia miezi mingi kwa ubahili, nikiuita uangalifu, kisha nikanunua mpya na kuhamishia humo hesabu zangu zote pamoja na toleo jipya la programu. Toleo hilo lilijiona limesoma kuliko lile la kwanza. Lilipomaliza kumeza mafaili yangu likaniletea orodha na kuniambia, kwa Kiingereza cha heshima, kwamba kuna majina yaliyojirudia, je, niyaunganishe?

Niseme ukweli, majina yalikuwa yamejirudia. Katika programu hizi kila unachowekeza, kiwe hisa, hatifungani au vipande vya mfuko wa uwekezaji, unakipa jina wewe mwenyewe. Ukikipa jina moja leo na jingine mwakani, programu inaamini una vitu viwili. Mimi kuna mfuko mmoja nilioununulia vipande mara tatu, kwa miaka tofauti, na kila mara niliuandika kivyake: mara ya kwanza kwa jina lake refu la kwenye fomu, mara ya pili kwa kifupi, na mara ya tatu, sijui nilikuwa na haraka gani, niliuita "Ule wa ada". Nikaunganisha. Mistari mitatu ikawa mmoja, jumla ikatokea chini, nami nikajisikia vizuri kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele. Nikaendelea na mfuko mwingine. Nikaendelea na hatifungani. Mtu akishaonja kuunganisha hatosheki.

Ndipo nikafika kwenye hisa za kiwanda kimoja. Kilikuwa na mistari miwili: mmoja una jina la kiwanda, wa pili una jina lile lile na namba 2 mwishoni. Yeyote aliyewahi kunakili picha za harusi kwenye kompyuta anaijua hiyo namba. Ukinakili mara ya pili, mashine inaibandika yenyewe. Nikasema hii ni nakala, imejizalia wakati wa kuhama. Mstari wa kwanza ulikuwa na hisa mia sita na wa pili mia mbili. Nakala ya mia sita ingekuwa mia sita, mtoto wa darasa la nne angeliona hilo. Mimi nina shahada ya pili.

Sikutaka kufanya pupa, kwa hiyo nikafanya ninachowafundisha wengine: nikaitafuta taarifa ya dalali wangu wa hisa, karatasi rasmi kabisa, nikalinganisha. Taarifa ilisema nina hisa mia nane za kiwanda hicho, zote kwa jina langu. Mia sita na mia mbili ni mia nane. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Kumbe si nakala! Kumbe nilipokuwa kijana nilinunua hisa mia mbili zaidi, nikazisahau! Nilimwonea fahari yule kijana niliyekuwa, mwenye busara ya kuweka akiba hata akaisahau. Programu iliniuliza kama nina uhakika, maana nikishaunganisha hakuna kurudi nyuma. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi.

Hisa mia mbili zile nikaziuza. Nilimpigia dalali simu, nikajaza fomu, baada ya siku kadhaa fedha zikaingia benki, nami nikanunua mota ya geti.

Hapa inabidi nieleze habari ya geti. Mtaani kwetu Njiro kila nyumba ina ukuta na kila ukuta una geti, na heshima ya mtu hupimwa kwa namna geti lake linavyofunguka. Kuna wanaopiga honi mlinzi akatoka. Kuna sisi tuliokuwa tukipiga honi mke akatoka na mwavuli, na maneno yake juu. Na kuna wachache wenye rimoti, ambao geti huwapisha lenyewe wakiwa bado ndani ya gari redio ikiimba. Nilitaka kuwa miongoni mwa wachache hao. Wiki ya kwanza nililifungua na kulifunga bila sababu yoyote. Nililifungulia kuku wa jirani. Jirani mwenyewe alikuja akasimama akiitazama ile mota, mikono nyuma, akauliza bei, nami nikamtajia kwa sauti ya mtu asiyejali.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, shangazi akaja. Ni mdogo wa mwisho wa baba, anaishi Kikatiti kwenye shamba la ukoo, na hakuolewa. Mwenyewe anasema hakupata nafasi, ng'ombe walikuwa wengi. Baba na ndugu zake wengine wote wamekwishatangulia, kwa hiyo ndiye mkubwa pekee wa upande wa baba tuliyebaki naye wa kumwamkia na kumwogopa. Ananiita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Alikuja na kiroba cha ndizi na parachichi, akasimama nje ya geti akapiga hodi. Ningeweza kutoka kumpokea. Badala yake nilibonyeza rimoti nikiwa dirishani, ili aone.

Geti likasogea. Shangazi hakuingia. Alichungulia huku na huku akimtafuta aliyelifungua amsalimie.

"Shikamoo shangazi! Ingia tu, nimelifungua mimi, kwa hii hapa!"

"Marahaba, baba." Aliingia huku akiligeukia. "Nalo linakula nini?"

"Umeme."

"Na lenyewe lilikula shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Na kwa kuwa sikutosheka, nikamweleza na fedha zilikotoka, jinsi nilivyokuta hisa mia mbili za kiwanda ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa, maana ukiwa na utaratibu mzuri hata ulichokisahau kinajileta. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akapokea chai kwa mke wangu, akanywa nusu kikombe.

"Hicho kiwanda ndicho kilichonileta," akasema. "Nataka uniuzie zile zangu."

"Zako zipi, shangazi?"

"Zile mia mbili."

Kisha akaeleza. Jirani yake wa upande wa juu alikuwa anauza kipande chembamba cha shamba, kile kile ambacho mfereji unapita kuja kwake. Mtu wa mjini alikwishafika mara mbili na futi kamba. Alitaka kujenga na kuzungushia ukuta. "Akishajenga ukuta, maji yatapita wapi? Migomba yangu itakunywa nini?" Jirani, kwa kuheshimu ujirani, alikubali kumpa yeye nafasi ya kwanza, lakini mwisho ni Alhamisi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ikipita Alhamisi, anamuuzia yule wa futi kamba. Shangazi alikwishauza mtamba wake. Pengo lililobaki lilikuwa linazibwa na hisa zake. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa shule ya pale wakapiga hesabu.

Mwenye akili angenyamaza hapo akafikiri. Mimi nilimwambia shangazi asubiri niangalie kwenye kompyuta.

Kwamba hisa za shangazi ziwe kwa jina langu lilikuwa jambo linalowezekana kabisa. Kiwanda kilipouza hisa kwa wananchi, zamani hizo nimeajiriwa juzi tu, fomu zilitaka akaunti ya benki na sanduku la posta, na katika ukoo mwenye vyote viwili nilikuwa mimi. Kwetu aliyesoma ndiye huandikwa kwenye kila karatasi. Kiwanja cha kaka kina jina langu. Pikipiki ya mjomba ina jina langu. Mita ya umeme ya mama mdogo mpaka leo ikisumbua napigiwa simu mimi. Hakuna anayeona ajabu. Jina ni la aliyesoma na mali ni ya mwenyewe, na wote wanajua kipi ni cha nani. Wote isipokuwa mimi, niliyeziweka kumbukumbu zangu kwenye programu siku nyingi ili kichwa kipumzike.

Nikaleta kompyuta sebuleni, nikamgeuzia kioo.

"Unaona, shangazi? Kiwanda kina mstari mmoja tu. Kama ungekuwa na zako, zingekuwa na mstari wake."

"Hakukuwa na mstari mwingine?"

"Ulikuwepo, lakini ulikuwa umejirudia. Jina lile lile, kampuni ile ile. Vitu vya namna hiyo tunaviunganisha."

Aliukazia macho ule mstari, kikombe mkononi.

"Kwa hiyo mashine ilidhani mimi ni wewe."

"Mashine haidhani, shangazi."

"Basi aliyedhani ni nani?"

Nilichosema, Mungu anisamehe, ni kwamba enzi zile ndugu wengi walisema watanunua na mwishowe hawakuleta fedha, na kwamba kwa umri huu mtu huweza kuchanganya. Nilisema kwa upole, ule upole wa kwenye semina. Mke wangu alisimama akaenda jikoni ingawa hakukuwa na kitu jikoni.

"Fedha nilikuletea mwenyewe Makumira," shangazi akasema, "ulipokuwa unafanya kazi pale chuoni. Nilizifunga kwenye pindo la kanga. Ulizihesabu mara tatu, ukanirudishia noti moja iliyochanika ukaniambia nibadilishe." Aliweka kikombe chini. "Angalia tena, baba. Alhamisi si mbali."

Nilitaka kumpeleka kwa gari, akakataa, akasema atatembea mpaka barabarani miguu inyooke. Nikabonyeza rimoti, geti likampisha. Niliporudi ndani mke wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika kiuno.

"Hebu nikuulize. Wewe umewahi kusahau kitu cha fedha? Wewe unayekumbuka bei ya vitunguu ya mwaka juzi?"

Kweli, sijawahi. Ninasahau siku za kuzaliwa, ninasahau majina ya wakwe, lakini hisa mia mbili nilizozilipia mimi mwenyewe nisingezisahau hata nikiwa na malaria. Na ile noti iliyochanika niliikumbuka. Niliikumbuka mpaka mahali ilipochanika.

Kompyuta ya zamani haikuwaka. Jumatatu nikaipeleka mjini, kwa mzee mmoja Mhindi ambaye babu yake aliuza vitambaa katika jengo lile lile na yeye sasa anauza na kutengeneza kompyuta. Alifungua skrubu, akatoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akanipisha nitafute faili langu. Mstari wenye namba 2 ulikuwepo. Kando yake kulikuwa na alama ndogo ya karatasi, kuonyesha kwamba kuna maelezo yameambatishwa. Maelezo hayo hayakuhama nami kwenye toleo jipya. Majina yalihama, idadi ikahama, maelezo yakabaki nyuma. Maandishi yake yalikuwa madogo mno, na miwani nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Mzee akanisomea, kwa sauti, wateja wawili wakiwa wameegemea kaunta.

"'Hizi si zangu. Ni za shangazi. Usiziguse.'" Akanitazama juu ya miwani yake. "Nani ameandika hii?"

"Mimi, mzee."

"Ulikuwa unamwambia nani asiguse?"

"Mimi."

"Na wewe umegusa?"

"Nimegusa, mzee. Nimeuza."

Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo vya kompyuta. Wateja wakacheka. Ikanibidi nami nicheke, maana ukiwa umesimama peke yako bila kucheka katika duka la namna ile unaonekana ndiye mwizi, na kwa bahati mbaya ndivyo ilivyokuwa. Alinitoza bei kamili.

Sasa nikakumbuka kila kitu. Programu ya zamani ilikuwa haikubali majina mawili yanayofanana, kwa hiyo ili niweke hisa za shangazi mbali na zangu niliongeza ile 2 mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na nia njema ya mtu aliyeajiriwa juzi. Kama ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga una ahueni yake. Lakini mzee alikuwa amenipa faili lote kwenye flashi, na mimi ni mtu wa kusoma mpaka mwisho.

Gawio la zile hisa mia mbili lilikuwa limeandikwa kila mwaka, sawasawa, tarehe na kiasi. Miaka michache ya mwanzo fedha hiyo ilitoka nzima na pembeni nimeandika "Amepewa shangazi". Kisha nikaoa, tukaanza kujenga, na maandishi yakabadilika. Gawio linaingia kwenye akaunti yangu na kukaa humo. Mwezi wa Desemba kunatoka sukari kilo tano, kitenge, mafuta ya kupikia, na pengine mchele, kwenda Kikatiti. Na fungu nililoviandikia vitu hivyo lilikuwa "Zawadi na misaada".

Nilikaa pale mezani nikajumlisha miaka yote. Nilichompelekea hakikufika nusu ya kilichokuwa chake. Kila Krismasi nilishusha vile vitu kwenye buti la gari mbele ya ukoo mzima, na kila Krismasi kulikuwa na mtu wa kusema, huyu jamani anamkumbuka shangazi yake, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Niliona aibu ambayo sijui hata niipime kwa kipimo gani. Nilitamani mtu anizabe kibao ili yaishe.

Ilikuwa Jumatatu alasiri na Alhamisi ilikuwa inakuja. Kuuza hisa zangu mwenyewe kungechukua siku nyingi kuliko nilizokuwa nazo. Mshahara ulikwishakwenda ulikokwenda. Nilimweleza mke wangu kila kitu, pamoja na habari ya sukari, nikitegemea anionee huruma kidogo. Alisema, "Mwite jirani."

Jirani alikuja jioni ile ile, mikono nyuma. Mota ikashushwa Jumanne na fundi yule yule aliyeifunga, akiwa na uso wa mtu aliyekatazwa kuuliza maswali. Niliiuza kwa hasara, lakini jirani alilipa taslimu, na rimoti zote mbili nikamkabidhi moja moja. Haikutosha, kwa kuwa nilikuwa nimepiga hesabu kwa bei ya hisa ya siku hiyo, iliyokwishapanda, na si ile niliyouzia, na juu yake nikaweka gawio lote nililomeza. Sehemu iliyobaki mke wangu alinikopesha kutoka kwenye kikundi chake cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kwa riba ya kikundi. Nilijaza fomu, nikatakiwa kuleta mdhamini, na katibu wa kikundi, mama mmoja mwenye miwani mizito aliyewahi kuhudhuria semina yangu, akaniuliza madhumuni ya mkopo. Nikasema ni ya kifamilia.

Alhamisi niliwahi Kikatiti kabla ya saa nne. Shangazi alikuwa zizini anakata majani. Nilimwamkia, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikasema yote bila kupumzika, kuanzia namba 2 mpaka duka la mzee mjini, na jinsi nilivyomwambia kwamba umri unamchanganya. Nilisema nimekosa, nikasema tena. Aliifungua bahasha akazihesabu fedha mara tatu, taratibu, akilowesha kidole. Alipomaliza alizifunga kwenye pindo la kanga.

"Na geti?" akauliza.

"Mota yake iko kwa jirani."

"Lilikuwa zuri," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika na daftari lake kubwa na mhuri ndani ya soksi. Jirani anayeuza alikuja na mwanawe mkubwa. Tulikaa barazani kwa shangazi, fedha zikahesabiwa, mipaka ikasomwa, mfereji ukatajwa kwa maandishi kwamba hautazibwa na mtu yeyote. Mwenyekiti alipofika kwenye mstari wa mnunuzi hakuuliza. Alianza kuandika jina langu. Ananifahamu, ameliandika mara nyingi, kwenye karatasi za kaka na za mjomba.

Shangazi aliweka kidole juu ya daftari.

"Hapana. Andika langu."

Mwenyekiti alinitazama mimi, si yeye. Nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ruhusa ilikuwa yangu. Akafuta, akamuuliza shangazi majina yake matatu, akayaandika taratibu, herufi kwa herufi, kwa kuwa hakuwahi kuyaandika.

"Na huyu tumweke wapi?" akauliza.

"Huyu shahidi."

Nikatia sahihi kwenye nafasi ya mashahidi, chini ya mtoto wa muuzaji. Nilitegemea nitajisikia nimetuliwa mzigo. Nilijisikia kama mtu aliyeachishwa kazi aliyoifanya miaka thelathini, na nikijua kabisa kwamba mwajiri ana haki.

Watu walipoondoka shangazi alitaka kuuona mfereji. Tulipanda taratibu kati ya migomba, yeye mbele na jembe, mimi nyuma na viatu vyangu vya mjini vikijaa udongo. Maji yalikuwa machache lakini yalikuwa yanakuja. Alizibua mahali palipoziba majani, akasimama akayaangalia yanavyopita kwenye kipande ambacho sasa ni chake kwa maandishi. Bado nilikuwa na jambo moja ambalo sikulisema kule zizini.

"Shangazi, zile zawadi za Krismasi. Sukari na vitenge. Zilikuwa fedha zako mwenyewe. Na nilikuwa sikuletei zote. Kwenye bahasha ile nimerudisha zilizobaki."

"Najua."

"Umejua leo, ulipozihesabu?"

"Nimejua miaka yote. Gawio likitangazwa redioni, mwalimu ananipigia hesabu."

Miaka yote hiyo alinipokea mbele za watu, akakishika kile kitenge akakigeuza juani, akasema asante baba kwa kunikumbuka.

"Sasa shangazi, mbona hukunidai?"

Alilichomeka jembe ardhini akaliegemea.

"Ningekudai ungeona aibu, ungenilipa. Ungenitumia kwenye simu, shilingi kwa shilingi, mapema kabla hata sijauliza, kwa maana nakujua ulivyo." Aliyatazama maji. "Halafu usingekuja."

Nilikuwa nimewaambia ofisini kwamba saa nane nitakuwa nimerudi Njiro, nina kikao. Nilizima simu, tukashuka, nikabaki nikimshikia ndama mpaka alipomaliza kukamua.